Uga Usiguswe

Swabra Mahfudh alipopanda ngazi za nyumba aliyopanga Gona, kule Magongo, alikuwa na hakika kwamba hatakaa zaidi ya kikombe kimoja cha chai. Alikuja kuchukua grafu moja tu. Mhakiki wa jarida alikuwa ameomba hesabu ya makala yake irudiwe kwenye kompyuta nyingine, yenye nguvu zaidi, kabla makala haijakubaliwa. Kompyuta hiyo alikuwa nayo Gona. Basi kilichobaki ni kuirudia hesabu na kumwandikia mhakiki kwamba naam, jibu ni lile lile.

Gona alisoma naye shahada ya kwanza na ya pili. Baadaye akaajiriwa na kampuni inayotengeneza programu za mawakala wa kutoa mizigo bandarini Kipevu, na Swabra akabaki chuoni akifundisha fizikia. Lakini Gona hakuitupa fizikia moja kwa moja. Sebuleni kwake palikuwa na kompyuta aliyoiunga mwenyewe kipande kwa kipande, yenye prosesa nyingi zinazofanya kazi kwa pamoja, na pangaboi la nyumba lilielekezwa kwake, si kwa watu. Mkewe, Kafedha, alikuwa akiiita mke mwenzake.

"Kabla hujaketi," alisema Gona, "hebu njoo utazame hapa."

Kwenye skrini palikuwa na mstari mmoja. Ulianzia juu, ukateremka kwa kasi, ukapunguza mwendo, kisha ukalala kama sakafu. Swabra alianza kutabasamu, maana mstari huo aliujua. Alikuwa nao ofisini, umelala hivyo hivyo hadi mwisho wa karatasi. Lakini huu wa Gona, baada ya kulala kwa muda mrefu, ulivunjika ghafla ukaporomoka.

"Umeanguka," alisema Gona, kwa sauti ya mtu anayetoa habari ya msiba wa jirani.

Katika fizikia ya chembe ndogo kabisa, kila nukta ya anga huwa na kipimo chake, kama vile kila duka la mtaani lingekuwa na kibaba chake. Kinachosema kibaba cha duka hili ni sawa na kiasi gani cha duka linalofuata, ndicho kinachoitwa uga wa geji. Uga huo kwa kawaida umejaa vurugu. Ili waone kilichomo ndani yake, wanafizikia huuweka kwenye kompyuta, nukta kwa nukta, kisha huuacha uteremke: kila kiungo baina ya nukta na nukta husogezwa kidogo upande ule unaopunguza nishati kwa haraka zaidi, tena na tena, mpaka vurugu litulie. Huo ndio mtiririko wa mteremko, na mstari ule wa kwenye skrini ulionyesha nishati iliyobaki. Vurugu likishatulia, huenda yakaonekana mafundo, yaani mahali ambapo uga umejikunja kuelekea kulia au kushoto, na ambapo mteremko peke yake haupati njia rahisi ya kuukunjua.

Profesa Habib Abdillahi, aliyewafundisha wote wawili, alikuwa ameubuni uga wake kwa mkono. Aliweka ndani yake mafundo mawili, moja la kulia na moja la kushoto, yakitazamana kama mtu na sura yake katika kioo. Akasema kwamba uga huo ukiachiwa hautaporomoka mpaka chini. Utateremka, ufike mahali katikati ya safari, na hapo utulie. Watu wengi hawakuamini kwamba mahali kama hapo papo. Alikuwa ameandika sehemu ya kwanza ya uthibitisho pale kiharusi kilipomkuta mbele ya darasa, chaki mkononi. Tangu siku hiyo mkono wake wa kulia haumsikii, na maneno humjia moja moja, pengine si yale aliyoyatafuta.

Swabra aliichukua kazi ile pale ilipoachwa. Aliuweka uga wa mwalimu wake kwenye kompyuta ya ofisini, akauachia, ukateremka, ukatulia. Akauacha wiki nzima. Ukabaki pale pale, bila kuyumba hata kwa tarakimu ya mwisho. Aliandika makala, akatanguliza jina la Profesa, na chuoni mkuu wa idara akaanza kumtaja katika vikao.

Ndiyo maana alipouona mstari ule wa Gona hakushtuka. Alimhurumia. Alidhani amekosea.

Alimuuliza amebadilisha nini, Gona akasema hajabadilisha kitu. Wakalinganisha faili za mwanzo, zikawa sawa herufi kwa herufi. Wakalinganisha programu, nayo ni ile ile. Kafedha alileta chai na viazi karai, na wao wakaianzisha hesabu upya mbele ya macho yao ili Swabra aone kosa liko wapi. Mstari ukateremka. Ukalala. Wakala viazi. Swabra alikuwa katikati ya maneno ya kumwambia Gona unaona sasa, pale mstari ulipovunjika tena.

Safari hii, hata hivyo, kulikuwa na jambo lililomfanya aweke kikombe chini. Mara ya kwanza fundo la kushoto ndilo lililosinyaa na kutoweka, likabaki la kulia. Mara hii limetoweka la kulia na kubaki la kushoto. Faili ni moja, programu moja, mashine moja, na majibu mawili yanayopingana.

Swabra alikuwa ameishi na makosa ya hesabu tangu ujana wake, na aliyajua tabia. Kosa hurudi mahali pake. Ukiligonga leo, kesho utaligonga pale pale. Hili halikuwa na mahali. Wakaanzisha mara ya tatu, umeme wa mtaa ukakatika, pangaboi likazunguka pole pole mpaka likasimama, na barabarani malori ya makontena yakawa yanasikika kana kwamba yamo sebuleni. Hatimaye Swabra akaaga, akateremka ngazi bila kujua amwombe Gona radhi au amlaumu.

Siku iliyofuata alifika ofisini mapema, akauachia uga kwenye kompyuta yake. Ukasimama. Akauongezea muda mara mbili, ukasimama. Darasani alifika katikati ya mlinganyo akasahau alikuwa anataka kuonyesha nini; wanafunzi walidhani anawatega, wakakaa kimya wakimsubiri, naye akakaa kimya akiwasubiri wao. Nyumbani kwao Frere Town dadake alimuuliza mara mbili kama anaumwa. Akajibu kwamba haumwi, ila kuna kitu kimoja kinachosimama kwake na kuanguka kwa mwenziwe, na dadake, kwa kutojua aseme nini, akamwambia awahi kulala.

Mwisho wa wiki alivuka feri akaenda Likoni.

Alimkuta Bi Zuleikha, mke wa Profesa, amesimama mbele ya nyumba na fundi, wakipima kwa kamba. Mawe yalikuwa yameshateremshwa na mchanga umemwagwa. Bi Zuleikha alimweleza kwamba amechoka kumwona mumewe akipandishwa na kuteremshwa ngazi za mlangoni kama mzigo. Ameamua kumjengea chumba hapo kwenye uga wa mbele, chenye choo chake, kisicho na kidato hata kimoja. Profesa mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kiti cha mkono barazani, koti la kijivu mabegani ingawa jua lilikuwa kali, akiwatazama.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Swabra.

"Marahaba," akajibu, safi kabisa. Salamu hazikumponyoka kamwe.

Swabra aliketi karibu naye akamweleza polepole. Alimwambia kwamba uga umesimama kwake lakini umeanguka kwa Gona, tena umeanguka kwa pande mbili tofauti, na kwamba yeye haelewi. Alisema sentensi fupi fupi kama alivyofundishwa na daktari wa Profesa. Uso wa Profesa ulifanya kazi kubwa. Midomo ilianza neno ikaliacha, ikaanza jingine. Fundi alikuwa ameshika sururu.

"Usiguswe," alisema Profesa.

"Nini, Mwalimu?"

"Uga." Akainua mkono wa kushoto, akauelekeza mbele, kule kulikokuwa na fundi, au mchanga, au Swabra mwenyewe aliyekuwa ameketi upande ule ule. "Uga usiguswe."

Bi Zuleikha aliiachia kamba. "Umesikia? Yuwasema uga usiguswe. Nami fundi nshampa kazi, na mawe yashafika." Alisogea, akainama mbele ya mumewe, akamuuliza kwa upole kama ni uga wa nyumba asemao au ni ule wa kwenye hesabu zake.

"Uga," alisema Profesa, akiwa amekereka, kama mtu anayeulizwa jambo ambalo ameshalijibu.

Fundi aliambiwa asubiri. Akakaa juu ya mawe akatoa simu yake. Bi Zuleikha akaingia ndani, na Swabra akamsikia akiongea peke yake jikoni. Yeye mwenyewe alibaki na maneno yale mawili, akiyageuza. Pengine Mwalimu alitaka kusema makala isiguswe, ibaki kama ilivyo. Pengine alitaka kusema uga wa mwanzo usibadilishwe. Au pengine hakuwa amesikia hata neno moja la Gona na grafu zake, na alikuwa akiutetea uwanja wa nyumba yake walipochezea watoto wake. Katika feri ya kurudi alisimama katikati ya umati, akasukumwa huku na huku, na alipofika ng'ambo alikuwa ameyaamini yote matatu kwa zamu.

Gona alimpigia simu siku chache baadaye. Alisema amepata kitu, lakini hajui kama ni habari njema.

Alichopata ni hiki. Aliizuia kompyuta yake isitumie prosesa zote. Akairuhusu itumie moja tu, kama ile ya ofisini kwa Swabra. Uga ukasimama wima. Akazirudisha zote, ukaanguka. Akarudi kwenye moja, ukasimama. Swabra alikwenda Magongo kuyaona hayo kwa macho yake, na alipoyaona alizidi kupotea.

"Kwa hiyo jibu linategemea ni nani amejumlisha kwanza?" aliuliza.

"Ndivyo linavyoonekana."

"Gona, huo si uga tena. Hiyo ni kura."

Gona akachukua kalamu, na kwa saa nzima wakalichambua. Kompyuta haiwezi kubeba tarakimu zisizo na mwisho. Mahali fulani huikata namba na kuendelea na safari. Prosesa nyingi zikigawana kujumlisha, ile iliyomaliza mapema hutangulia, na kila mara mpangilio huwa tofauti kidogo, kwa hiyo namba hukatwa tofauti kidogo. Ni kitu kidogo mno, mbali kabisa baada ya desimali, ambacho kwa kawaida hakimdhuru mtu. Lakini uga wa Profesa ulikuwa na mafundo mawili yaliyolingana kabisa. Kwenye kompyuta ya Swabra, namba za kulia na za kushoto zilikatwa kwa namna moja, hivyo hakuna upande uliomzidi mwenzake hata kwa punje. Kwenye ya Gona, upande mmoja ulipata punje. Punje ikakua. Ilikua taratibu wakati mstari umelala na wao wanakula viazi, na ilipokuwa kubwa vya kutosha fundo moja likalishinda la pili.

Swabra alilielewa jambo hili kichwani kabla ya kulikubali moyoni. Alisema wajaribu kwenye mashine yake. Wakatumia mtandao wa simu, wakaingia kwenye kompyuta ya ofisini kutoka pale pale, na kwa mara ya kwanza Swabra akaugusa uga kwa makusudi: akakisogeza kiungo kimoja, upande wa kulia, kiasi kidogo. Mstari ukateremka, ukalala, ukaanguka. Akapunguza mguso. Mstari ukalala muda mrefu zaidi, ukaanguka. Akaupunguza tena, karibu na mwisho wa uwezo wa mashine, na wakasubiri hadi Kafedha akawauliza kama watakula hapo. Ukaanguka.

Mahali alipopabuni Profesa palikuwapo, hilo lilikuwa kweli. Lakini hapakuwa mahali pa kukaa. Palikuwa kama tandiko juu ya mgongo wa punda: ukiweka gololi katikati kabisa, mbele na nyuma kunapanda, nayo itasimama, ila ubavuni kunashuka, huku na huku.

Waliurudia uthibitisho wa Profesa, mstari kwa mstari. Haukuwa na kosa. Alikuwa ameutikisa uga wake kwa kila namna ambayo inazitikisa pande zote mbili sawasawa, na kwa mitikiso hiyo uga hurudi mahali pake, bila shaka yoyote. Kuhusu mtikiso wa upande mmoja hakuwa amesema lolote. Uthibitisho uliishia hapo, kwa sababu kiharusi kilifika hapo. Swabra ndiye aliyeujazia mwisho wake, kwa kuiamini mashine yake.

"Labda alikuwa anajua," alisema Gona. "Labda ndilo alilokuambia. Usiguswe. Yaani usipoguswa, utasimama."

"Au alikuwa anamzuia fundi."

"Au hivyo."

Hawakucheka. Swabra alitazama dirishani. Kule chini dereva wa lori alikuwa amefungua boneti na kuzungukwa na watu, kila mmoja akionyesha mahali pake. Kisha akasema jambo ambalo hakujua kama lilikuwamo ndani yake mpaka alipolisikia. Alisema mhakiki aliomba kompyuta nyingine, hakusema prosesa ngapi. Je, wakimpelekea hesabu ya Gona iliyofanywa kwa prosesa moja?

Gona alifungua na kufunga kifuniko cha kalamu. "Ni kompyuta nyingine," alisema mwishowe. "Hilo ni kweli." Hakumtazama.

Swabra aliichukua grafu ile ya prosesa moja, nzuri, iliyolala mpaka mwisho, akaenda nayo nyumbani. Alikaa nayo siku kadhaa. Kilichomchosha zaidi hakikuwa woga wa kuumbuka. Kila alipojiambia kwamba atasema ukweli, hakujua ukweli huo unamhukumu nani. Je, Profesa alikosea, au alinyimwa muda wa kumaliza? Akiandika kwamba uga unaanguka na kulitia jina la Profesa, atakuwa amemsemea mtu neno ambalo hakulisema. Akiliondoa, atakuwa amemnyang'anya kazi ya uzeeni. Na akinyamaza atakuwa amefanya lile Mwalimu aliloagiza, kama kweli aliliagiza. Alisali, akaomba aonyeshwe njia, na asubuhi alipoamka alikuwa na rai mbili zilizolingana kabisa.

Akavuka tena kwenda Likoni.

Safari hii aliona ukuta mdogo umeshainuka kwenye uga, mpaka magotini, na fundi anachanganya simiti. Profesa alikuwa barazani pale pale, amenyolewa vizuri. Swabra hakuzunguka. Alimwambia kwamba uga hautulii. Ukiguswa upande mmoja, hata kwa kitu kidogo namna gani, unaanguka. Ameuangusha mwenyewe kwa mikono yake.

Profesa alimtazama kwa macho ya zamani, yale ya mtihani wa mdomo. "Upande gani?"

"Mara kulia, Mwalimu. Mara kushoto. Inategemea na mguso."

"Haiwezekani."

Na hapo akaanza kucheka, kwa nusu ya uso, na machozi yakamtoka na kuteremka hadi kidevuni. Swabra aligutuka akamshika mkono, akamwomba radhi, asijue anaomba radhi ya nini. Bi Zuleikha alifika na kitambaa, akamfuta mumewe usoni kwa mazoea, akamwambia Swabra asijitie unyonge. Tangu augue hulia kwa kila kitu, alisema. Juzi amelilia tangazo la sabuni kwenye televisheni. Huenda amehuzunika, na huenda amefurahi. Daktari mwenyewe amewaambia wasiyasome machozi yake.

Swabra alisubiri mpaka pumzi za mzee zikatulia, kisha akauliza lile lililomleta. Alimwambia itabidi makala irudishwe na kuandikwa upya, iseme kinyume. Jina lake alifanyeje?

Profesa alifikiri. Alifikiri kweli, mtu aliyemjua angeweza kuona. "Jina langu," alisema, "liache."

"Niliache liwepo, Mwalimu? Au niliache, nisiliandike?"

"Liache," alisema Profesa, akafumba macho, na muda si muda akawa amelala.

Swabra alimgeukia Bi Zuleikha kama anayemgeukia mkalimani. Bi Zuleikha akatikisa kichwa. "Usinitazame mimi, mwanangu. Nimeolewa naye tangu sijaota jino la mwisho, na siku hizi akiniambia nataka maji, huleta maji na chai na uji, nikaona atashika kipi."

"Na chumba je? Alisema uga usiguswe."

"Alisema." Bi Zuleikha alimtazama fundi. "Nikangoja wiki nzima labda atasema tena. Hakusema. Ngazi zile jana nusura zimwangushe yeye na kijana anayemshika. Basi nimemwambia fundi ajenge. Ikiwa hakutaka, atanikasirikia, nami ntakuwa nimekasirikiwa na mtu aliye salama." Akakikunja kitambaa. "Sijui kama nimefanya sawa. Mimi sikuambii kwamba najua."

Fundi aligonga jiwe, akalipima kwa jicho, akaligonga tena. Swabra alitaka sana kuulizwa ushauri na mtu mwingine, juu ya jambo lolote, ili ajione kwamba bado anaweza kujibu.

Akiwa kwenye feri, alimwandikia mhariri wa jarida kwa simu, kwa maneno machache, kwamba anaiondoa makala: dai lake kuu si kweli, na ataeleza sababu. Alipoutuma ujumbe hakupata ile nafuu ambayo watu husema huipata. Alihisi tu kwamba mkono wake umekuwa mwepesi, na kwamba amesahau kumuaga Bi Zuleikha vizuri.

Mkuu wa idara hakufurahi. Alimwita ofisini, akamuuliza kwa nini hakusubiri, mbona mhakiki hakuwa ameona kosa lolote. Jina la Swabra liliacha kutajwa vikaoni, na mwaka ule kupandishwa cheo kukampita kando. Gona alimlaumu kidogo kwa kutomshauri kabla ya kuandika, kisha siku ya pili akaja chuoni, akauliza wataanzia wapi.

Waliiandika upya wakiwa wawili, ama watatu, kutegemea unavyohesabu. Ilikuwa makala fupi. Ilisema kwamba uga wa aina hii una mahali ambapo mtiririko hupumzika muda mrefu, na kwamba anayeutazama kwa mashine inayozitendea pande zote sawa anaweza kuudhani umetulia. Uthibitisho wa Profesa ukaingizwa mzima, bila kuongezwa wala kupunguzwa, na baada yake ndipo ukaja ule mguso. Kuhusu jina, Swabra aliliandika, akalifuta, akaliandika. Mwishowe aliliacha liwepo. Akiulizwa kwa nini, husema kwamba neno "liache" lina maana mbili na yeye alichagua ile ambayo ingekuwa rahisi kuifuta baadaye, lakini hata yeye haamini sana sababu hiyo.

Makala ilikubaliwa. Mhakiki yule yule aliandika kwamba ni ya manufaa, na kwamba imemtia wasiwasi juu ya hesabu moja aliyoifanya mwenyewe. Gona alifurahi kwa hilo kuliko kwa kukubaliwa.

Siku ilipotoka, Swabra aliichapisha kwenye karatasi nzuri akampelekea Mwalimu. Profesa alikuwa na siku njema. Aliishika karatasi kwa mkono wa kushoto, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, Bi Zuleikha akamvalisha miwani. Alisoma kichwa cha makala kwa muda mrefu, midomo ikitembea. Swabra aliketi mbele yake, magoti pamoja, kama alivyoketi miaka ile alipoleta kazi yake ya kwanza isahihishwe.

Kidole cha Profesa kikashuka kwenye mstari wa majina. Kikapita jina la kwanza, kikapita la pili, kikasimama juu ya la tatu, ambalo lilikuwa lake. Kikarudi mwanzo.

"Hawa watatu," aliuliza, "wanajuana?"

"Wanajuana, Mwalimu. Mmoja aliwasomesha wenzake."

Profesa aliyatazama majina tena, moja baada ya jingine, kwa hamu ya kweli. "Nani alimsomesha nani?"

Bi Zuleikha alikuwa akimimina kahawa. Aliuinua mdomo wa birika, akasubiri, maana naye alitaka kusikia. Swabra akasogeza kiti chake mpaka kikagusana na kile cha mwalimu wake, akaweka kidole juu ya jina la Gona, kwa kuwa hilo ndilo aliloliona jepesi kulieleza, akaanza nalo.